Mama ana mgongo, na anataka kupanda kikapu cha Monte: apande?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Reading, Uingereza, na mume wangu na mtoto wetu wa miaka 5. Mama yangu, miaka 68, anakuja kutoka Tanga kututembelea, na mwezi wa tano tumepanga kwenda naye Madeira, kisiwa cha Ureno, kwa wiki moja. Huko kuna vile vikapu vinavyoteremka mlimani vikiongozwa na wanaume waliovaa nguo nyeupe. Mama ameona video kwenye simu ya mjukuu wake, na tangu siku hiyo hana habari nyingine. Shida ni kwamba mgongo unamsumbua, magoti yanamuuma akishuka ngazi, na anameza dawa za presha. Mwaka juzi pia aliteleza uani akavunjika kifundo cha mkono, lakini kilishapona. Mume wangu anasema kikapu ni mchezo wa watoto. Mdogo wangu anasema tunataka kumuua mama. Nani yuko sahihi? Na kama hafai kupanda, afanye nini huko asije akashinda hotelini?"

Marahaba, na mama akifika mfikishie shikamoo yangu. Jambo zito kuliko yote katika swali lako umelitaja kwa kupita tu. Ninyi nyumbani mnabishana juu ya kikapu, lakini mimi macho yangu yamebaki kwenye ule mkono uliovunjika uani. Nitaufikia. Kwanza tukijue kitu chenyewe, maana mumeo na mdogo wako wote wawili wanazungumzia kitu ambacho sicho.

Wenyeji wanakiita carro de cesto, yaani gari la kikapu. Ni kiti cha watu wawili, wakibanana watatu, kilichosukwa kwa fito kama viti vyetu vya henzerani, kikawekwa juu ya mbao mbili ndefu. Hakina magurudumu wala springi. Kilianza kutumika mnamo 1850, wakati watu wa Monte, kitongoji chenye ubaridi kilicho mlimani juu ya Funchal, mji mkuu wa kisiwa, walipohitaji kufika mjini upesi. Kwa hiyo kilikuwa usafiri hasa, na wale wanaume wawili wa nyuma, wanaoitwa carreiros, ni mafundi wa kazi hiyo. Wanakivuta kwa kamba, wanakisukuma, wanadandia nyuma, na wakitaka kupunguza mwendo wanakandamiza lami kwa viatu vyenye soli nene za mpira. Breki ni miguu yao. Mdogo wako akisikia hakuna breki ndipo anapopata picha ya jiwe linaloporomoka, na sivyo. Lakini pia si bembea ya watoto kama anavyodhani shemeji, kwa sababu njia ile ni barabara ya kawaida, yenye makutano na magari ya watu.

Mimi nimekipanda. Sauti yake ni ile ya kitanda cha mbao kinachoburuzwa kwenye sakafu ya saruji, ila haikatiki. Kwenye kona kikapu hakigeuki kama gari, kinakwenda ubavu: mkia unatangulia upande, halafu wale jamaa wanaunyoosha. Na kila palipokuwa na kiraka cha lami niliusikia mshtuko kwenye kitako, ukapanda hadi shingoni.

Sasa hesabu ndogo. Safari ni kama kilomita 2 na huchukua kama dakika 10. Ukigawanya unapata kilomita 12 kwa saa, mwendo wa baiskeli isiyo na haraka. Ile kasi inayotajwa kwa fahari, kilomita 38 kwa saa na wengine husema zaidi, inakuja vipande vipande pale mteremko unapokaza. Ndiyo maana nasema swali la kasi si lenyewe. Watu wengi sana wanakipanda, wakiwemo wazee, wanashuka wanacheka. Swali la mama yako ni la mishtuko midogo mingi inayopita kwenye uti wa mgongo uliojikunja, na kama mifupa yake inaihimili.

Hapo ndipo unapoingia ule mkono. Mtu mzima akianguka kutoka urefu wake mwenyewe, kateleza tu uani, mfupa haupaswi kuvunjika kirahisi. Ukivunjika, hasa kwa mwanamke aliyekwisha kuacha kupata hedhi, tunaichukulia kama kengele ya ugonjwa wa mifupa kupungua uzito, osteoporosisi. Homoni iliyokuwa ikilinda mifupa imeshuka, mfupa unabomolewa haraka kuliko unavyojengwa, na ndani unabaki na matundu matundu kama mkate ulioumuka. Kwetu mara nyingi mama anafungwa hogo, wiki sita zinapita, hogo linakatwa, kila mtu anasema alhamdulillah amepona. Mkono umepona kweli. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini ulivunjika, wala mifupa mingine ina hali gani.

Pingili za uti wa mgongo ndizo zinazoathirika kimyakimya kuliko zote. Fikiria tofali bichi lililotoka kwenye kalibu sasa hivi. Ukiliwekea uzito katikati linastahimili. Ukiliwekea uzito ukingo wa mbele, upande ule unabonyea na tofali linakuwa kama kabari. Mtu akikaa kiti cha chini, magoti yakawa juu ya nyonga, kiuno kinajipinda na uzito wote unahamia ukingo wa mbele wa pingili. Ongeza mshtuko unaotoka chini, mara kumi, mara hamsini. Kwa mfupa mzima hilo si kitu. Kwa mfupa uliopungua, pingili inaweza kubonyea bila mtu kuanguka popote. Nimewahudumia akina mama ambao pingili zao zilibonyea wakinyanyua ndoo ya maji, na mmoja kwa kikohozi. Kwa hiyo mgongo unaomsumbua mama huenda ni uchovu wa misuli wa miaka mingi, na huenda ni pingili ambayo tayari imebonyea na nyote mmeizoea mkiita uzee.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama yako, kwa maelezo uliyonipa, ni hili: asipande mpaka mifupa ipimwe. Ikionekana mizuri, nitamruhusu kwa moyo mweupe.

Upimaji uanze kabla hajatoka Tanga, na mwanzo wake hauhitaji hela. Mwambie mtu wa nyumbani ampime urefu, alinganishe na urefu alioandikiwa zamani, kwenye kadi ya kliniki au karatasi yoyote ya hospitali. Akiwa amepungua sentimita 4 au zaidi, ni dalili. Muulize pia kuhusu mabaibui yake. Akina mama wengi husema baibui lililokuwa likiishia kwenye vifundo vya miguu sasa linaburuza chini, wakadhani kitambaa kimelegea. Kisha asimame akiegemeza visigino na makalio ukutani. Kama kisogo hakigusi ukuta bila kuinua kidevu, mgongo umeinama kuliko inavyotakiwa.

Baada ya hapo, picha ya eksirei ya mgongo kwa ubavu, inayopatikana hapo Tanga, kwa mfano hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Elewa mipaka yake. Eksirei inaonyesha pingili iliyokwisha kubonyea, lakini upungufu wenyewe wa mfupa hauonekani mpaka karibu theluthi moja iwe imepotea, kwa hiyo picha safi haimaanishi mifupa ni mizima. Kipimo hasa cha uzito wa mifupa kinaitwa DEXA. Mwulizeni daktari mahali pa karibu kinapopatikana. Na hata mkiamua kikapu basi, naomba kipimo hiki msikiache. Ugonjwa huu una dawa, na mvunjiko unaofuata baada ya mkono unaweza kuwa wa nyonga, ambao mzee hutoka kitandani kwa taabu sana.

Ikiwa vipimo ni vizuri, limebaki suala la kuingia na kutoka. Hapa nina kipimo cha jikoni: akae kwenye mbuzi, ile ya kukunia nazi, kisha ainuke bila kushika kitu wala mtu. Akiweza, kikapu hakitamshinda. Akae katikati yenu wawili, mgongo ugusane na egemeo, mto mdogo nyuma ya kiuno, miguu aikanyagie mbele asining'inie. Mwambieni carreiro kabla hamjaondoka kwamba mna mzee, muombeni aende taratibu. Wao wenyewe ndio breki, wanaweza. Mkifika, asiinuke kwa pupa. Baadhi ya dawa za presha hufanya damu ichelewe kupanda kichwani mtu akitoka chini kwenda kusimama, na kizunguzungu cha sekunde tano kinatosha kumwangusha. Na mvua ikinyesha, ahirisheni.

Jambo ambalo video haionyeshi ni mwisho wa safari. Watu hudhani kikapu kinakufikisha mjini. Hakifiki. Kinaishia mahali panapoitwa Livramento, na kutoka pale bado kuna kilomita kadhaa za mteremko mkali hadi katikati ya Funchal. Wengi wanaamua kutembea kwa kuwa "ni kushuka tu." Kwa magoti ya mama yako, hiyo "kushuka tu" ni mbaya kuliko kikapu. Mtu akipanda mlima, msuli wa paja unajikaza huku ukifupika, kazi iliyouzoea. Akishuka, msuli uleule unajikaza huku ukivutwa urefuke, ukizuia mwili usiporomoke, na kila hatua kifuniko cha goti kinasagwa kwa uzito mara kadhaa wa mwili wake. Ndiyo maana anaumia akishuka ngazi na si akipanda. Ongeza zile njia zao zilizotandazwa vijiwe laini, zikilowa zinateleza kama sabuni, na tumeshajua akianguka nini kinavunjika. Teksi huwa zinangoja pale Livramento. Pandeni teksi.

Mumeo na mtoto wapande bila wasiwasi mkubwa. Mtoto akae katikati ya watu wazima wawili, makalio yake kwenye kiti, asipakatwe. Mikono ya mzazi haiwezi kumzuia mtoto wa kilo kumi na nane kikapu kikikata kona ghafla, ingawa kila mzazi anaamini ya kwake inaweza. Vidole vibaki ndani. Kama wewe au msomaji mwingine ni mjamzito, kaa pembeni mwaka huu.

Sasa mama afanye nini? Mengi, na mengine bora kuliko kikapu. Siku ya Monte aende nanyi. Kutoka mji wa kale wa Funchal kuna gari la waya, teleférico, lililofunguliwa 2000; dakika kama 15 mnapita juu ya mapaa ya vigae vyekundu na migomba, bahari ikizidi kupanuka nyuma yenu. Kununua tiketi ya kwenda na kurudi kutamwondolea mteremko wote. Mwambieni mhudumu mapema kwamba mna mzee wa kusaidiwa kuingia. Juu kuna kanisa la Nossa Senhora do Monte, alikozikwa Karl, mfalme wa mwisho wa Austria, aliyefia uhamishoni hapohapo Monte mwaka 1922. Lina ngazi nyingi za kulifikia. Apande polepole, na wakati wa kushuka ashike ukingo na atangulize mguu wenye goti baya. Chini ya ngazi hizo ndipo vikapu vinapoanzia. Anaweza kukaa kwenye kikapu kilichosimama, mkampiga picha na wale jamaa wa kofia za majani, mkiwaomba kwa adabu wakati hawana abiria.

Mpelekeni pia kwenye levada. Hii ni mifereji ya maji, zaidi ya kilomita 2,000 kisiwani kote, iliyochongwa kupeleka maji ya milima yenye mvua kwenye mashamba ya miwa na migomba. Kwa kuwa maji yanatakiwa yatiririke taratibu, mfereji unafuata ubavu wa mlima karibu tambarare, na njia ya miguu inakwenda sambamba nao. Kwa magoti hii ni neema: milima mikubwa bila kupanda wala kushuka. Ila si zote. Ile ya Caldeirão Verde ina mahandaki ya giza na vipande vyembamba vyenye korongo ubavuni, sitampeleka mzee. Chagueni Vereda dos Balcões inayoanzia Ribeiro Frio. Ni kilomita moja na nusu tu kwenda, pana na karibu tambarare, na mwisho wake ni roshani juu ya bonde, ambako ndege wadogo wanatua mkononi mwa mtu. Nadhani mjukuu na bibi watakumbuka hapo kuliko pengine popote. Bebeni sweta, huko juu si Tanga.

Porto Moniz, kaskazini-magharibi, kuna mabwawa ya maji ya bahari yaliyozungukwa na mawe meusi ya volkano. Maji yakimfika kifuani, magoti yanabeba kama theluthi tu ya uzito wake. Atatembea humo bila maumivu na ajishangae. Aingie polepole, maana maji ni ya baridi na kushtukia kunapandisha presha. Avae viatu vya mpira, na siku ya mawimbi makubwa wasiingie.

Chakula hakitamshinda. Samaki wao mkuu, espada, mweusi wa kina kirefu, huletwa na ndizi ya kukaangwa juu yake. Mkate wao wa bolo do caco unatiwa viazi vitamu. Lakini poncha, inayoonekana kama juisi ya limau na asali, ni pombe kali ya miwa, mtahadharisheni. Na mezani atajikuta anasikia maneno ya kwao: mesa, copo, vinho, bandeira, lenço. Meza, kopo, mvinyo, bendera, leso. Wareno walituachia hayo pwani, na mtu wa Tanga akiyakuta kwa wenyewe anafurahi.

Mambo mawili ya safari yanayohusu afya. Viza ya Uingereza haimwingizi Madeira, kwa kuwa kisiwa ni sehemu ya Ureno. Anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na hiyo inadai bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000. Mnapoijaza, tajeni presha, mgongo na mkono uliovunjika hata kama bei itapanda, vinginevyo bima inaweza kukataa kulipa siku mnapoihitaji. Pili, dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, na ziwe za siku kadhaa zaidi ya safari. Uwanja wa ndege wa Madeira uko ukingoni mwa bahari, sehemu ya njia yake imejengwa juu ya nguzo, na upepo ukivuma vibaya ndege hupelekwa kwingine au hazitui kabisa.

Mwisho, dalili za kuangalia, iwe alipanda kikapu au alinyanyua begi tu. Maumivu mapya ya ghafla katikati ya mgongo, yanayozidi akisimama na kupungua akilala, yanahitaji daktari na picha siku hiyohiyo, msimchue wala kumnyoosha, na msimruhusu mtu yeyote "kumrudishia pingili." Miguu ikiishiwa nguvu, akifa ganzi sehemu za kukalia, au mkojo ukimtoka au ukikataa kutoka, hiyo ni dharura isiyongoja asubuhi. Namba ya dharura huko ni 112.

Uamuzi wa mwisho msiufanye chumbani mkamletea. Mwelezeni habari ya tofali bichi, mwonyesheni picha yake ya mgongo, naye aseme. Eksirei ikiwa tayari, niandikie tena ukiniambia imesema nini, urefu wake wa zamani na wa sasa, na majina ya dawa anazomeza, nami nitakujibu juu ya kikapu peke yake.